Fidia ya Ajali Kazini Huanzia Kwenye Faili la Mgonjwa

Fundi seremala anapofikishwa hospitalini akiwa amekatwa vidole na msumeno wa umeme, wote wanaomzunguka huwa na fikra moja: damu ikome na mkono uokolewe. Ndivyo inavyopasa. Hata hivyo, katika saa ile ile ambapo jeraha linasafishwa, jambo la pili huwa limekwisha kuanza pasipo mtu kulitambua. Maneno machache yanayoandikwa kwenye faili, yaani saa ya ajali, mahali ilipotokea, kazi aliyokuwa akiifanya majeruhi na jina la mwajiri wake, ndiyo yatakayosomwa miezi kadhaa baadaye na ofisa wa fidia, wakili au jaji. Yakiwamo, mdai huwa na ushahidi ulioandikwa kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kuupindisha. Faili likisema tu kwamba mgonjwa ana jeraha la mkono wa kulia, limesafishwa na kushonwa, basi mahali pa ajali hubaki kuwa neno la mfanyakazi dhidi ya neno la mwajiri.

Makala haya yanafafanua namna sheria za fidia zinavyofanya kazi katika Tanzania Bara na Kenya, haki za familia mfanyakazi anapofariki, na nafasi ya daktari, muuguzi na tabibu katika kuzilinda au kuzipoteza haki hizo. Watumishi wengi wa afya hudhani kwamba fidia ni shauri la wanasheria. Kwa hakika, sehemu kubwa ya shauri hilo huamuliwa chumba cha dharura, kliniki ya kifua na chumba cha kuhifadhia maiti.

Mapatano yaliyozaa sheria za fidia

Katika sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo ndiyo mzizi wa sheria nyingi za Afrika Mashariki, mfanyakazi aliyeumia alipaswa kumshtaki mwajiri na kuthibitisha uzembe wake. Wachache waliweza. Mashahidi walikuwa wafanyakazi wenzake waliohofia kufukuzwa, na gharama za kesi zilizidi uwezo wa mtu aliyekwisha kupoteza mshahara.

Hali ya familia za marehemu ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1808, katika shauri linalojulikana kama Baker dhidi ya Bolton, mume alidai fidia baada ya mkewe kufariki kutokana na ajali ya gari la farasi. Mkewe aliishi takriban mwezi mmoja baada ya ajali. Jaji, Lord Ellenborough, aliamua kwamba mume angeweza kufidiwa kwa hasara ya mwezi huo tu, kwa kuwa mbele ya mahakama ya madai kifo cha binadamu hakikuweza kulalamikiwa kama dhara. Tafsiri yake ilikuwa ya ajabu: kumjeruhi mtu kuligharimu kuliko kumuua. Iliwabidi Waingereza wangoje hadi mwaka 1846 ndipo Bunge lilipopitisha sheria iliyowapa mwenzi, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kudai. Sheria za vifo vitokanavyo na ajali zinazotumika Tanzania na Kenya ni vitukuu vya sheria hiyo.

Kwa upande wa majeraha ya kazini, Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, na Uingereza ikafuata na sheria yake ya fidia mwaka 1897. Msingi wa mifumo hii ni mapatano. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kosa la mwajiri. Inatosha kuonyesha kwamba ameumia au ameugua kutokana na kazi na akiwa kazini. Kwa upande wa pili, malipo hufuata kanuni iliyowekwa, wala hayafiki viwango ambavyo mahakama ingeweza kutoa kwa uzembe uliothibitishwa. Mfanyakazi hupata uhakika na wepesi. Mwajiri hupata kinga dhidi ya hukumu asizoweza kuzitabiri.

Mtumishi wa afya anapaswa kuuelewa msingi huu, kwa sababu unaonyesha swali lililo mbele yake. Haulizwi nani ana kosa. Anaulizwa kama dhara hili linatokana na kazi, na ni kubwa kiasi gani.

Sheria zinampa nini mfanyakazi

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha WCF. Waajiri walianza kuchangia Julai 2015, na mafao yakaanza kulipwa Julai 2016. Tangu Julai 2022 kiwango cha mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, kwa sekta ya umma na sekta binafsi. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake. Hakuna hata senti inayopaswa kukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Zanzibar ina sheria yake.

Mafao ya Mfuko ni ya aina saba: huduma ya matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa ajili ya msaidizi wa mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengemao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa marehemu. Kwa ulemavu wa muda, mfanyakazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Uliozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo, tofauti kati ya tathmini ya asilimia 29 na ya asilimia 32 si tarakimu tu. Ni tofauti kati ya fedha zinazotolewa mara moja na kipato cha maisha.

Kenya hufuata Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Humo mwajiri ndiye anayebeba dhima, na anatakiwa awe amekata bima. Ulemavu wa muda hulipwa kwa muda usiozidi miezi 12, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa kwa kipimo cha mshahara wa miezi 96. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si mahakamani kwanza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha kwamba utaratibu huo haukiuki Katiba. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na baada ya hapo anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Nchi zote mbili zinafanana katika jambo moja linalowaangusha wengi, nalo ni muda. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba tangu aipate. Mfanyakazi naye anatakiwa kuwasilisha dai ndani ya miezi 12. Majeruhi aliyelazwa miezi minne kwa mvunjiko wa paja, akarudi nyumbani kwao kijijini kuuguzwa, anaweza kukuta mwaka umekwisha kabla hajasikia kwamba ana haki yoyote. Mtu pekee aliyekuwa akimwona katika kipindi hicho chote ni mtumishi wa afya. Sentensi moja ya kumkumbusha siku ya kuruhusiwa kutoka wodini yaweza kuwa dawa yenye thamani kuliko zote alizoandikiwa.

Swali la Ramazzini

Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja katika yale yaliyorithiwa kutoka kwa Hippocrates: wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani. Karne tatu zimepita, na swali hilo bado hurukwa katika kliniki nyingi. Mahali pengine kuna nafasi ya kuandika kazi kwenye jalada, lakini hujazwa neno "mkulima" au "biashara" kwa kila mtu.

Gharama ya kulirukia swali hilo huonekana zaidi katika magonjwa yanayochukua muda kujitokeza. Silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaosababishwa na vumbi la mawe lenye silika, aghalabu hudhihirika baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Mchimbaji aliyeacha kazi zamani hufika hospitalini akikohoa, akipungua uzito na kuishiwa pumzi. Picha ya eksirei inaonyesha mapafu yenye madoa, makohozi hayaonyeshi vimelea, naye huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Akirudi mwaka unaofuata, huanzishiwa tena. Kwa kuwa silika huongeza hatari ya kupata kifua kikuu, mara nyingine magonjwa yote mawili huwamo kwa pamoja, na la kwanza hufichwa na la pili. Mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu mara ya tatu bila vimelea kuthibitishwa anastahili kuulizwa kazi zake zote tangu ujana, si ile ya mwisho tu.

Mifano mingine iko karibu. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba anayebanwa kifua siku ya kwanza ya juma, kisha akapata nafuu kadiri siku zinavyosonga, anaeleza dalili za bisinosisi. Mnyunyiziaji wa viuatilifu anayefika akitoka jasho jingi, akitokwa mate na mboni zikiwa zimesinyaa, anahitaji tiba ya haraka. Vilevile anahitaji jina la dawa aliyonyunyiza liandikwe, na kipimo cha kolinesterase kichukuliwe pale kinapopatikana. Mchenjuaji wa dhahabu anayetetemeka mikono huenda amevuta mvuke wa zebaki. Mwendesha mashine asiyesikia sauti nyembamba anahitaji kipimo cha usikivu, ambacho thamani yake huongezeka maradufu iwapo kipo kipimo cha siku alipoajiriwa cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya Tanzania, ya mwaka 2003, inasisitiza uchunguzi wa afya wa wafanyakazi. Uchunguzi wa kabla ya kuajiriwa, wa mara kwa mara na wa kuondoka kazini unamlinda mfanyakazi. Unamlinda pia mwajiri mwaminifu asibebeshwe dhara lililopatikana kwingine.

Historia ya kazi iliyoandikwa vyema ina mambo machache: jina la kila kazi na miaka yake, alichokuwa akikishika au kukivuta, saa kwa siku, vifaa vya kinga alivyopewa, na kama wenzake wameugua vivyo hivyo. Liongezwe pia swali la nani alikuwa akimlipa na kwa namna gani. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na kukosa barua ya ajira si sababu ya kumnyima mtu haki. Ubishi mkubwa huzuka kwa wale wasiolipwa mshahara wa kawaida, kama vile wanaapolo wa machimbo ya tanzanaiti wanaolishwa na mwenye mgodi na kupata mgawo pale mawe yanapopatikana. Kama hao ni waajiriwa au washirika ni swali la kisheria. Daktari halijibu swali hilo. Anaandika ukweli alioelezwa, ili wenye mamlaka ya kulijibu wawe na cha kusoma.

Lugha mbili za ushahidi

Wanasayansi na wanasheria hutumia neno "uthibitisho" kwa maana mbili tofauti, na mgonjwa huweza kuumia katikati yao. Mtafiti aliyezoea takwimu hasemi kitu kimethibitika mpaka uwezekano wa kukosea uwe mdogo sana. Sheria ya madai huuliza swali jepesi zaidi: kwa mizania ya uwezekano, je, yaelekea zaidi kwamba kazi imechangia dhara hili kuliko kwamba haikuchangia? Daktari anayeandika kwamba haiwezekani kuthibitisha chanzo cha ugonjwa huenda amesema kweli kwa lugha ya maabara, ilhali amelizima dai ambalo lingestahili kufaulu kwa lugha ya sheria.

Ripoti nzuri husema kinachojulikana, kisha hueleza kinaelekea wapi. Kwa mfano: mgonjwa amefanya kazi ya kupasua mawe kwa miaka 14, picha ya kifua inaonyesha vivimbe vidogo katika sehemu za juu za mapafu yote mawili, vipimo vya vimelea ni hasi, na kwa maoni ya daktari silikosisi iliyotokana na kazi ndiyo maelezo yanayoelekea zaidi kuwa sahihi. Ikiwa mgonjwa anavuta sigara, hilo nalo liandikwe, pamoja na maelezo ya athari ambazo sigara yaweza kuwa imechangia. Kuficha jambo lisilopendeza huidhoofisha ripoti yote siku litakapofichuliwa.

Sheria nazo zimejaribu kupunguza mzigo huu kwa kuweka orodha za magonjwa yatokanayo na kazi. Shirika la Kazi Duniani lina orodha yake iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, ambayo inatambua pia baadhi ya matatizo ya akili yatokanayo na kazi. Ugonjwa ukiwa kwenye orodha ya nchi na mgonjwa akiwa amefanya kazi inayohusiana nao, njia ya dai huwa fupi. Lakini orodha haina msaada iwapo ugonjwa haukutajwa kwa jina lake kwenye faili.

Kuhusu tathmini ya ulemavu, mambo mawili hukosewa mara kwa mara. Kwanza, tathmini hufanywa mapema mno, kabla hali ya mgonjwa haijatulia. Mkono uliovunjika ukipimwa wiki ya sita hauwezi kuonyesha utakavyokuwa baada ya mazoezi ya viungo. Pili, kipimo huandikwa kwa maneno ya jumla kama "mkono hauna nguvu". Kinachohitajika ni nyuzi ambazo kiungo kinakunja na kunyooka, nguvu ya mshiko ikilinganishwa na mkono wa pili, kazi ambazo mgonjwa haziwezi tena, na mkono anaoutumia zaidi. Tathmini yenye vipimo hustahimili kupingwa. Yenye hisia tu huanguka kwa swali la kwanza.

Tahadhari nyingine inahusu pombe. Sheria ya Kenya humnyima fidia mfanyakazi aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, isipokuwa pale ajali inapoleta ulemavu mkubwa au kifo. Neno "amelewa" likiandikwa kwa haraka kwa sababu majeruhi alipepesuka au maneno yake hayakueleweka laweza kutumiwa dhidi yake. Aliyegongwa kichwani naye hupepesuka. Kama hakuna kipimo, iandikwe dalili iliyoonekana, si hukumu.

Mtumishi wa afya naye ni mfanyakazi

Wanaosoma makala haya wakiwa wamevaa makoti meupe ni miongoni mwa wanaolindwa na sheria hizi. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, ambao ulimuua pia mtumishi wa afya, ulikumbusha jinsi kazi hii isivyo salama. Lakini hatari ya kila siku ni ndogo kwa umbo na huwa kimya: sindano.

Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takriban asilimia 0.3. Kwa homa ya ini B, kwa mtu asiyechanjwa, uwezekano ni kati ya asilimia 6 na 30. Dawa kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 72, kisha zitumike kwa siku 28. Watumishi wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba kipimo cha siku ile ile, hata kinapoonyesha kwamba hawana maambukizi, ndicho nguzo ya dai lao. Muuguzi anayegundulika na maambukizi miezi sita baadaye, pasipo kuwa na kipimo cha siku aliyochomwa na pasipo tukio kuingizwa kwenye daftari la ajali, atapata taabu kubwa kuonyesha kwamba maambukizi yalitoka wodini.

Aibu ndiyo huwazuia wengi kuripoti. Wengine hujilaumu kwa kurudisha kifuniko cha sindano, au huogopa wenzao watajua hali zao. Ikumbukwe kwamba fidia haiulizi kosa, na kwamba usiri wa vipimo ni haki ya mtumishi kama ulivyo haki ya mgonjwa yeyote. Ripoti inayokwenda kwa mwajiri ieleze uwezo wa kufanya kazi na tarehe za mapumziko. Maelezo ya ndani ya ugonjwa yaende kwa wale tu wanaoruhusiwa na sheria au kwa ridhaa ya mhusika.

Kifo kinapotokea

Mfanyakazi akifariki kutokana na kazi, familia yaweza kuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mafao ya wategemezi. Katika mfumo wa Tanzania Bara, hesabu huanzia kwenye pensheni ambayo marehemu angelipwa kama angekuwa na ulemavu kamili; mjane au mgane hupata asilimia 40 yake, na kila mtoto asilimia 20, kwa jumla isiyozidi asilimia 100. Nchini Kenya kipimo ni mshahara wa miezi 96 unaogawanywa kwa wategemezi. Mafao haya si mirathi ya kugawanywa na ukoo kwa kikao. Ni ya wategemezi waliotajwa na sheria. Mjane anayeambiwa angoje shemeji zake waamue amepewa ushauri usio sahihi.

Njia ya pili ni shauri la kifo kilichosababishwa na kosa la mtu, kwa mfano dereva wa lori la kampuni nyingine aliyemgonga fundi akiwa kazini. Hapa uzembe lazima uthibitishwe, na hasara hupimwa kwa kipato cha marehemu, sehemu aliyoitumia kuwatunza wategemezi wake, na miaka ambayo angeendelea kufanya kazi. Kenya inaruhusu pia mirathi ya marehemu idai kwa ajili ya maumivu aliyoyapata kabla ya kufa. Kwa sababu hiyo mahakama huuliza aliishi muda gani baada ya ajali, na kama alikuwa na fahamu. Saa ya kufikishwa hospitalini, kiwango cha fahamu na saa ya kifo, ambavyo muuguzi huviandika kila siku kwa mazoea, huwa ushahidi.

Katika njia zote mbili, hati yenye uzito kuliko nyingine ni cheti cha daktari cha chanzo cha kifo. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ina mpangilio maalumu: mstari wa juu huandikwa tatizo lililoua moja kwa moja, na mistari inayofuata hushuka hadi kwenye chanzo kilichoanzisha mfululizo wote. Kosa linalojirudia ni kuandika "kusimama kwa moyo na mapafu" na kuishia hapo. Moyo wa kila anayekufa husimama. Maneno hayo hayaelezi lolote. Mchimbaji aliyefariki kwa kushindwa kupumua, kutokana na kifua kikuu kilichoshamiri juu ya silikosisi, anapaswa kuandikiwa mistari yote mitatu. Fundi aliyevuja damu ndani ya fuvu aandikiwe pia kwamba alianguka kutoka jukwaa la ujenzi. Mstari wa chini ukiachwa wazi, kazi hutoweka kwenye kumbukumbu za kifo hicho.

Suala gumu zaidi ni uchunguzi wa maiti. Familia nyingi, kwa sababu za dini au mila, hutaka mazishi ya haraka, na matakwa hayo yanastahili heshima. Lakini wapewe maelezo kabla ya kuamua, kwa lugha laini na bila kushurutishwa: kwamba kifo cha ghafla kazini ambacho chanzo chake hakijulikani kinaweza kuhitaji uchunguzi huo kisheria, na kwamba majibu yake yaweza kuwa tegemeo la watoto. Baada ya maziko, kulipata jibu hilo huwa kazi ngumu na chungu.

Kwamba ushahidi wa kitabibu huweza kuhitajika miongo mingi baadaye, historia ya eneo hili inashuhudia. Wanaume kutoka nyanda za juu kusini-magharibi mwa Tanganyika walikuwa wakiandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kupitia shirika walilolijua kwa jina la Wenela. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kuwafidia wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu, pamoja na wategemezi wa waliokufa, kwa waliofanya kazi katika migodi husika kuanzia Machi 1965. Waliorudi nyumbani kabla ya tarehe hiyo hawamo. Na hata kwa walioingia ndani ya muda, familia inayodai kwa niaba ya marehemu huombwa ushahidi wa kile kilichomuua. Karatasi iliyoandikwa na tabibu wa zahanati ya mbali, pengine bila kujua kama itawahi kusomwa, ndiyo hutenganisha dai na kumbukumbu tupu.

Mambo ya kuzingatia

Mfanyakazi aliyeumia amwarifu mwajiri mapema, kwa maandishi ikiwezekana, na amweleze mtumishi wa afya bayana kwamba ameumia kazini. Atunze nakala za kadi, picha, vipimo na stakabadhi. Ikiwa ni ajali ya barabarani au shambulio, apate fomu ya polisi, ambayo Tanzania hujulikana kama PF3. Mwajiri akikawia, afike mwenyewe katika ofisi ya Mfuko au ya idara ya usalama kazini, na asingoje miezi 12 itimie. Asiyeridhika na uamuzi anayo haki ya kuomba mapitio na kukata rufaa. Familia ya marehemu iandae mapema cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, na iombe ripoti ya uchunguzi wa maiti kama ulifanyika.

Mtumishi wa afya naye aulize kazi, aandike saa na mahali, apime na kurekodi kwa tarakimu, aeleze maoni yake kwa mizania ya uwezekano, na asikatae kujaza fomu ya fidia kwa kuogopa kuitwa mahakamani. Akiitwa, atasimamia alichokiona na kukiandika. Hakuna zaidi kinachotakiwa kwake.

Kidole kilichokatika hakiwezi kurudishwa na sheria yoyote, wala baba aliyefunikwa na kifusi. Kinachoweza kurudishwa ni ada ya shule, kodi ya nyumba na heshima ya mtu asiyelazimika kuombaomba kwa sababu aliumia akifanya kazi. Hayo yote huweza kusimama juu ya mistari mitano iliyoandikwa kwa uangalifu usiku wa ajali.